Turubai la Kitangiri

Nilikuwa uani napepeta alizeti simu ilipoita, na Ruthi, binti wa Mama Salome, akaniambia huku analia kwamba mama yake amefariki alfajiri. Nikamjibu kama inavyopasa: pole mwanangu, jipe moyo, kesho nitakuwa hapo Manyoni. Nilipokata simu nikautupa ule ungo. Kuku wakazivamia alizeti na sikuwafukuza. Msinione mbaya, au mnione tu, vyovyote. Kilichonijaa kifuani haikuwa huzuni, ilikuwa hasira, tena hasira ya kumkasirikia maiti. Mama Salome alikuwa shahidi wangu. Kuna mwaka mmoja wa usichana wangu nilipoteza kazi niliyoipenda, na jina langu likachafuliwa, kwa kosa ambalo halikuwa langu, na katika dunia hii nzima waliojua ukweli walikuwa watatu: mimi, mwanaume aliyenisingizia, na huyu mama aliyekuwa anatupikia. Aliniahidi kwamba kabla hajafa atamwambia mtu mwingine. Sikuwa nimesikia kwamba amesema. Jioni ile nikifunga kifurushi cha safari nilikuwa naongea peke yangu kama mwendawazimu: umeondoka na haki yangu, Salome, umeondoka nayo kabisa.

Habari za baba na mama yangu naziacha. Walikuwa wakulima wa Iramba, waliniombea, walinichapa, basi. Mimi naanzia pale niliposhuka kwenye basi Manyoni, umri wangu ishirini na kidogo, nimepata kazi kwa Bwana Lazaro. Alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye nyumba ndefu ya matofali karibu na reli, na biashara yake ilikuwa kuwapeleka wageni porini wakalale kwenye mahema: watazama ndege, wapiga picha, walimu wa vyuo, mara moja moja mapadri waliochoka na watu. Alikuwa na landrova na chumba kimoja kikubwa tulichokiita stoo. Nikifumba macho naiona stoo ile hata leo. Mahema yamekunjwa na kupangwa juu ya mbao ili mchwa wasiyafikie, kamba zimeviringishwa zikatundikwa kwenye misumari, na harufu ya turubai, moshi na mafuta ya taa haikutoka hata tukifungua madirisha kutwa nzima. Treni ya mizigo ikipita, vigingi vya chuma vilivyokuwa kwenye ndoo ya bati vilianza kulia vyenyewe. Mle stoo alilala Elia, kijana wa Kiomboi, kwetu kulekule Iramba, aliyenizidi miaka mitatu, mrefu, mwenye meno meupe na maneno mengi. Mimi nililala chumba cha pili na Mama Salome, Mgogo wa palepale, mama mtu mzima aliyekuwa anakoroma hata akiwa macho, au ndivyo tulivyomtania.

Kiangazi kile Bwana Lazaro alikwenda Arusha akarudi na mahema ya kujaribu. "Chagueni," akatuambia mimi na Elia, "yatakayotushinda nitayarudisha." Watu hudhani hema ni hema. Sisi tulikaa uani siku nzima tukiyasimamisha na kuyaangusha. Kulikuwa na moja refu la buluu, unasimama ndani unavaa suruali bila kuinama, na Elia alilipenda kwelikweli, akawa anaingia na kutoka humo amejishika kiuno kama mkuu wa wilaya. Mimi nilitaka yale ya duara, ya chini, yanayosimama kwa vijiti vinavyopinda, yenye kitambaa cha ndani na kifuniko cha juu visivyogusana. Tulibishana mpaka upepo wa Singida ulipokuja kutuamulia. Ulilinyanyua lile la buluu zima, ukalipitisha juu ya ua, ukaliangusha jikoni juu ya kibuyu cha maziwa mgando cha Mama Salome. Loo! Alitoka na mwiko mkononi akitutukana kwa Kigogo, na sisi tumekaa chini tunacheka mpaka mbavu zinauma. Baadaye nikajilaza ndani ya hema la duara, Elia akapanda kwenye stuli akawa ananimwagia maji juu kwa ndoo, ili nione mishono ipi inavuja. "Unalowa?" anauliza. "Bado!" "Na sasa?" "Bado!" Mama Salome akapiga kelele kwamba maji ya kisima hayachotwi ili kuogeshea vitambaa. Nilikuwa na furaha siku ile. Naisema kwa shida, lakini nilikuwa nayo.

Chakula cha jioni tulikula kwenye baraza ya jiko, ugali wa uwele na mlenda, Jumamosi kuku. Bwana Lazaro alikula chumbani kwake na redio yake, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo tulijua habari zake zote. Jioni moja alikuja rafiki yake wa stesheni wakawa wanazungumza. Tukamsikia Bwana Lazaro akisema ipo nafasi moja ya mtu kwenda kusomea uongozaji wa wageni kule Moshi, akirudi awe mkuu wa kambi. "Nimwache nani nimpeleke nani? Yule binti ana mikono, yule kijana ana mdomo." Rafiki yake akacheka, "Na wageni wanalala kwenye mdomo?" "Nitawaona kule ziwani, Kitangiri," akasema Bwana Lazaro. "Atakayeiweka vizuri kambi ya Kitangiri ndiye atakayekwenda." Sote watatu tulikuwa tumeshika matonge hewani. Elia akanitazama, akatabasamu, akaninong'oneza, "Mikono imetajwa kwanza." Mama Salome akasema, "Kuleni, ugali unapoa."

Sasa mtu aniulize, kwani nafasi yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa kila kitu. Wenzangu niliomaliza nao darasa la saba walikuwa wameshaolewa, wanapalilia vitunguu vya wakwe zao. Mimi nilikuwa najua kumtafutia mtu mahali pa kulala pasipokuwa na siafu, pasipokuwa bondeni, mlango ukaipa kisogo njia ya upepo, na nililipwa kwa kujua hivyo, na wageni waliniita kwa jina langu. Nilitaka kwenda Moshi kuliko nilivyotaka kuolewa. Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa sababu Elia alikuwa amenitamkia. Tulikuwa tumekaa juu ya mahema mle stoo, mchana, mlango wazi ili Mama Salome asitutilie shaka, akaniambia, "Tabitha, yeyote atakayekwenda, mwingine atangoja. Tutakuwa na mahema yetu wenyewe. Wewe utachagua, mimi nitaongea na wageni." Nikamwamini. Nilikuwa na akili zangu zote, sikuwa na homa, na nikamwamini.

Wageni wa Kitangiri waliletwa na mama mmoja wa Arusha, wakala, mwanamke mkavu mwenye kofia pana, na Bwana Lazaro alitueleza waziwazi kwamba akiridhika atatuletea watu kila msimu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, lakini siku tuliyofika kando ya ziwa kulikuwa na jua kali na ardhi imekauka juu. Tulichagua mwinuko kidogo, mbali na nyasi za viboko, tukaondoa mawe na miiba. Mimi na Elia tulisimamisha mahema ya wageni. Hema la mimi na Mama Salome nililisimamisha peke yangu, lile kuukuu la turubai zito, nikatandika majani tu chini yake. Chini ya kila hema la mgeni tulitandika turubai ili mawe yasitoboe sakafu. Kazi yangu nilikuwa karibu kuimaliza, nimeshaanza kukunja kingo za turubai ziingie chini ya hema, Elia alipokuja. "Usikunje," akasema. "Vuta mpaka mbele." Nikamuuliza mbele wapi. "Mbele ya mlango, pawe na baraza. Kwetu mgeni hakanyagishwi udongo, hutandikiwa ngozi nje ya mlango, akivua viatu anakaa anapumzika. Hawa nao ni wageni." Na kweli ndivyo ilivyo kwetu Iramba, bibi yangu alikuwa akimwona mgeni kwa mbali anakimbilia ngozi ya ng'ombe kabla hajakimbilia maji. Nikaona ni wazo zuri. Msitarajie nijifanye nilijua. Hakuna aliyejua kati yetu. Tukayavuta yale maturubai makubwa yakatokeza pande zote, mbele yakawa kama sebule.

Wale wageni walifurahi! Walivua mabuti yao wakakaa kwenye baraza zao, wakapiga picha, mzee mmoja akalala palepale kofia usoni. Asubuhi yake, Mama Salome akimimina chai na mimi nikigawa maandazi, yule mama wa Arusha aliuliza kwa Kiswahili chake kizuri tu, "Nani amefikiria hili? Sijaona kambi nyingine inafanya hivi." Elia akasimama. Sikumwona akifikiri hata kidogo. "Ni wazo langu, mama. Ni mila ya kwetu. Niliwaelekeza wenzangu wakatandika." Mama Salome alikuwa hatua chache tu, birika mkononi, alisikia kila neno, hata alinitupia jicho kwa sababu Elia alisema "niliwaelekeza wenzangu" kana kwamba tuko wengi. Bwana Lazaro akampiga Elia begani. Sikuona wivu wa kusema. Nilijiambia kwamba kama ni yeye atakayekwenda Moshi, basi nafasi imebaki nyumbani kwetu. Ndivyo msichana anavyojifariji.

Mvua ilikuja alasiri ya siku ya pili, wageni wakiwa wametoka na Bwana Lazaro na yule wakala kutazama heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, upande wa pili wa ziwa. Iliteremka kutoka milimani kwa kishindo, haikunyesha, ilimwagwa. Kwanza nilikuwa natazama kwa majivuno, maana vile vifuniko vya juu vilikuwa vinamwaga maji vizuri kabisa kama tulivyovijaribu uani. Kisha nikaona yanakomwagikia. Maji yalikuwa hayaangukii ardhini yakanywewa. Yalikuwa yanaangukia ile baraza, lile turubai lililotokeza pande zote, na turubai halinywi maji. Yalitafuta pa kwenda yakaenda chini ya hema, kati ya turubai na sakafu, yakajaa humo kama kwenye karai. Nikakimbia. Elia akakimbia. Tulivuta kingo, tukakata na visu, tukachimba mifereji kwa mikono, na ndani ya mahema sakafu zilikuwa zimeshaanza kuvimba na kuinuka, ukikanyaga maji yanachuruzika kwenye mishono. Magodoro yalilowa yote. Mifuko iliyokuwa chini ililowa, na ndani ya mifuko mlikuwa na darubini, kamera, madaftari ya mzee mmoja ambaye alikuwa amechora ndege humo kwa rangi za maji tangu aanze safari zake. Alirudi akayafungua karatasi moja moja. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Yule mama wa Arusha alitazama baraza zetu zilivyojaa maji, akageuka kwa Bwana Lazaro, akasema maneno machache tu kwamba hatatuletea tena watu. Bwana Lazaro alikuja jikoni, pale tulipokuwa tumewasha moto chini ya bati, amelowa hata miwani imeingia ukungu. "Nani alitandika vile?" Nilikuwa nafungua kinywa niseme tulitandika wote. Haki ya Mungu ndivyo nilivyokuwa nataka kusema. Elia akaniwahi. "Ni Tabitha, Bwana. Mimi nilimwambia akunje kingo, hakukunja." Nikamgeukia. Alikuwa anatazama moto. Nikasema, "Elia, wewe! Si wewe uliyeniambia nivute mpaka mbele? Si wewe uliyesimama leo asubuhi ukasema ni wazo lako?" Akasema taratibu, kwa huruma kabisa, "Wazo la baraza lilikuwa langu, Tabitha. Lakini kuhusu kukunja huko chini nilikuambia." Sikilizeni huo ustadi! Alikata uongo akaushona kwenye ukweli, na mshono wake haukuvuja hata tone. Mikono yangu ilikuwa na udongo mpaka viwikoni, nimepandisha sauti, nalia, yeye ametulia. Bwana Lazaro akamgeukia Mama Salome. "Salome, wewe ulikuwepo. Ulisikia nini?" Mama Salome alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga. "Bwana, mambo ya mahema mimi siyajui. Nilikuwa na sufuria zangu."

Bwana Lazaro hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniambia polepole, "Binti, kosa si kosa. Hema kuingia maji ningekusamehe leo hii hii. Lakini kumsingizia mwenzako, tena mwenzako aliyekuwa anakutetea kila siku kwangu, hapana." Hata hakujiuliza kwa nini hema kuukuu, nililolisimamisha mimi peke yangu, lilikuwa kavu, wala hakuona kwamba ndani yake ndimo yule mzee wa ndege alimokwenda kujisitiri. Tuliporudi Manyoni nilifungasha vitu vyangu. Watu wa mji mdogo hawahitaji redio. Kabla sijafika stendi ilikuwa imeshajulikana kwamba mimi ni msichana wa kusingizia watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wanasema wahenga. Mimi nilinyongwa nikanyimwa.

Elia alinifuata stendi. Nilidhani amekuja kuniambia amesema ukweli, na moyo wangu, mpumbavu mkubwa huo, ukapiga. Akanikalia karibu kwenye benchi, akanong'ona, "Tungefukuzwa wote wawili, Tabitha. Bora mmoja abaki. Mwanaume akikosa kazi atamuoa nani? Nikimaliza Moshi nitakuja kwenu na wazee." Nikamwambia, "Sitaki wazee. Nenda kwa Bwana Lazaro sasa hivi, hapo ni karibu tu, umwambie nani alisema tuvute." Akasema, "Nitamwambia nikishakuwa huko." "Sasa hivi, Elia." Kisha akaninunulia mahindi ya kuchoma kwa ajili ya safari, akanipa mkononi, akaondoka. Nilimrushia mgongoni. Yalimkosa, yakampata muuza nguo, na tukaanza kugombana na muuza nguo.

Wazee hawakuja, bila shaka. Alikwenda Moshi, akarudi, akaoa Dodoma, Bwana Lazaro alipozeeka akamwachia kazi, na leo ana magari na mahema ya vitanda na picha yake iko kwenye mabango. Watu walikuwa wananituliza, aliye juu mngoje chini. Nimengoja. Hajashuka. Mimi nimelima vitunguu na alizeti, niliolewa na mtu mwema aliyekufa mapema, na jua na jembe vimenila. Meno ya mbele yamekwenda na nywele zimeota mvi kabla ya wakati. Silalamikii kilimo, kimenilisha. Nalalamika kwamba kila nilipopeleka maombi ya kazi ya aina ile, Singida hata Itigi, kulikuwa na mtu aliyesikia kwamba mimi ni yule binti. Na kila mwaka mvua za kwanza zinapoteremka, nikiwa jikoni kwangu pakavu, nasikia lile neno "nilikuambia".

Miaka miwili hivi iliyopita nilikwenda kumwona Mama Salome. Alikuwa hawezi kutembea vizuri, amekaa kwenye kochi katika nyumba nzuri ya bati la rangi, sakafu ya vigae, feni juu. Alimwagiza binti yake anipikie kuku, tukala, tukasemezana habari za magoti. Nikamuuliza bila kuzunguka: siku ile ulisikia au hukusikia? Akaweka mfupa kwenye sahani. "Nilisikia, Tabitha. Nilisikia yote." Nikamuuliza basi kwa nini. Akasema, "Nilikuwa mjane nina watoto. Nikatazama pale, nikaona huyu kijana atafika, na huyu binti hatafika. Nikakaa upande wa atakayefika." Akanyoosha kidole akanionyesha ile feni, vile vigae. "Hii yote kanijengea Elia. Nimwambieje?" Nikamwambia sitaki pesa, sitaki ugomvi, nataka umwambie Ruthi tu, au mchungaji, mtu mmoja tu aliye hai ajue sikumsingizia mtu. Akalia. Akanishika mkono akaapa kwamba atasema. Nilitoka pale nimepungukiwa mzigo, nikanunua hata kitenge kipya njiani.

Siku ya mazishi nilivaa kitenge kile. Niliketi jamvini na akina mama wa jikoni, nikamvizia Ruthi, nikamuuliza kwa upole kama mama yake aliwahi kumweleza habari yoyote ya zamani, ya kambini. Akanitazama kwa macho yaliyovimba. "Ya kambini? Hapana mama mdogo. Ilikuwa habari gani?" Nikamwambia si kitu, nenda ukawahudumie watu. Kisha wakamkaribisha Elia atoe neno. Amenenepa vizuri, nywele zimetiwa rangi, sauti ileile. Akamsifu marehemu mpaka watu wakafuta machozi, na ili awachekeshe kidogo, kama wanavyofanya wasemaji wazuri, akasimulia kambi ya Kitangiri. "Kulikuwa na binti mmoja pale, jina limenitoka, mchapakazi lakini mbishi! Nikamwambia, dada, kunja kingo. Wapi! Katandika turubai kama jamvi la harusi. Mvua ilipokuja, wageni wakalala kwenye bwawa!" Msiba mzima ukacheka. Akina mama niliokaa nao walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akanipiga pajani akisema, "Jamani, binti huyo!" Nikajiuliza kama kweli amesahau. Mtu akiurudia uongo miaka yote hiyo, labda unageuka kumbukumbu yake, labda hata mbinguni atausema bila kupepesa macho. Na wazo hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe, kwamba nimebaki peke yangu duniani ninayejua.

Baada ya chakula alipita jamvini kuwasalimia akina mama, mmoja mmoja, ameinama, mkono mmoja ameshikilia kiwiko cha mwingine. Akanifikia.

"Shikamoo, mama."

Amenizidi miaka mitatu. Nilitazama ule mkono, nikaupokea. "Marahaba," nikasema.

"Poleni sana na msiba. Mama ni ndugu wa marehemu?"

"Hapana, Elia. Mimi ndiye yule binti. Naitwa Tabitha, kama jina bado limekutoka."

Mkono wake ukabaki ndani ya wangu. Ile sura niliyoingoja miaka yote nilikuwa nimeiwaza kwa namna nyingi, yenye aibu, yenye machozi, hata yenye hasira, na yoyote kati ya hizo ningeipokea. Hakuonyesha hata moja. Aligeuza kichwa kwanza, akatazama kushoto na kulia kuona nani yuko karibu. Kisha akainama mpaka nikasikia harufu ya marashi yake, akaninong'oneza sikioni:

"Salome alimwambia nani?"

Hakuwa amesahau hata neno moja.

"Wote," nikamwambia. "Kabla hajafa, amewaambia wote." Ulikuwa uongo, wa kwanza kutoka kinywani mwangu katika habari hii nzima, na nikauachia mkono wake aende nao.